Mtama Alioacha Mama Pendo

Asubuhi, watoto walipokwisha kwenda shule, Felista aliingiza kichwa na mabega katika mdomo wa kihenge, akaanza kukwangua sakafu yake kwa kipande cha kibuyu. Mtama uliobaki ulikuwa umezama katika nyufa za udongo, ikambidi autoe kwa ncha ya kidole na kuudondosha kwenye ungo. Alipotoka alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Alipepeta, akaondoa makapi na mavi ya panya, akautazama uliobaki. Ungetosha ugali wa jioni ile, na uji wa kesho yake kama uji wenyewe ungekuwa mwepesi.

Ulikuwa mwezi wa nane, wakati ambao kihenge hutakiwa kuwa kimejaa hadi shingoni. Lakini mvua zilikuwa zimekata mwezi wa pili, mtama ukiwa ndio kwanza unataka kutoa masuke, na alizeti ikatoa vichwa vidogo kama visahani vya chai. Kidogo kilichosimama kililiwa na ndege, kwelea kwelea. Kijijini kwao, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka Ulemo, hakuna aliyevuna cha kumzidi mwenzake, kwa hiyo hakukuwa na mlango wa kwenda kukopa.

Si kwamba walikuwa wazembe. Mama Simeoni, mama mkwe wake Felista, alikuwa amezijua njaa nyingine kabla ya hiyo, na mvua ilipokata tu aliishika nyumba. Sukari ilikoma, wakawa wanakunywa maji ya mchaichai. Mbuzi waliuzwa mapema wangali na nyama mgongoni. Mlenda ulichumwa porini, ukaanikwa, ukatwangwa, ukafungwa katika vifuko. Kipande cha sabuni kilikatwa kwa uzi. Melkizedeki, mume wa Felista, aliacha kupanda bodaboda kwenda mnadani, akawa anatembea na kurudi na vumbi magotini. Milo mitatu ikawa miwili, na mchana watoto waliambiwa wakalale.

"Akiba haiozi," Mama Simeoni alisema kila alipokuwa akifunga kitu.

Jioni ile Felista alisonga ugali mdogo. Akapakua sahani moja ya Melkizedeki na Fredrick, mtoto wao wa kati, na nyingine ya Mama Simeoni na wasichana wawili, Pendo na Flora. Pendo, ambaye ndiye mkubwa na alikuwa kidato cha pili, aliangalia sufuria.

"Mama, na wewe?"

"Nimeonjaonja huko jikoni. Nimeshiba."

Uongo huo ulikuwa unasemwa saa ileile katika kila nyumba ya kijiji, na hapakuwa na mume aliyewahi kuuchunguza. Felista alikunywa maji, akaosha vyombo, akalala.

Kulipokucha alikwenda kihengeni kurudisha kile kipande cha kibuyu, akakuta mtama. Ulikuwa mwekundu, msafi, umekwisha pukuchuliwa na kupepetwa, umefunika sakafu yote kiasi cha kumzamisha mtu vifundo vya miguu. Alichota, akausaga, akapika uji.

"Mtama huu umeutoa wapi?" Melkizedeki aliuliza akiwa na kikombe mkononi.

"Kihengeni."

"Si ulisema umekwisha?"

"Ulikwisha jana."

Melkizedeki akanywa uji wake. Ulikuwa mzito kuliko wa siku nyingi.

Siku hiyo Felista naye alikula, na kesho yake hapakuwa na nyongeza. Aliporudia kulala na njaa, mtama ulirudi. Mama Simeoni ndiye aliyelitambua jambo lenyewe. Alikuwa amekaa kizingitini akichambua mlenda, wala hakuinua kichwa alipolisema.

"Ni ule unaouacha wewe. Usipokula, unakwenda mle."

Melkizedeki hakupenda mzigo ule umkalie mkewe peke yake. Jumapili waliporudi kanisani alikataa chakula, akakaa hivyo mpaka Jumatatu jioni, akichungulia kihenge kila mara. Haikuongezeka hata punje. Alichopata ni kichwa kumuuma, na Felista akamkorogea uji wa mtama wake mwenyewe. Melkizedeki aliunywa akiwa amehuzunika kweli.

"Nilitaka nikusaidie, Mama Pendo," alisema.

"Najua."

"Kwa wanaume hautoki," Mama Simeoni alisema. "Na wangu mimi ulikwisha zamani. Mama mkwe wangu alikuwa na kihenge kikubwa kuliko hiki. Mwaka wa njaa ile kubwa kilijaa mpaka tukatandika majamvi tukaumwaga ndani ya nyumba. Shemeji zangu wote walikua kwa mtama wangu. Simeoni, kaka wa huyu, alikuwa ananyonya, na kifua kimekauka."

Felista alimtazama. Walikuwa wameishi ua mmoja tangu aolewe, na hilo hakuwahi kulisikia.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekuambia nini? Ndivyo ilivyokuwa."

Hakuna aliyemwambia Felista asile. Hilo ni lazima lisemwe, maana watu wa nyumba ile walikuwa wema. Melkizedeki alimwambia mbele ya mama yake, "Wewe ndiye unayejijua. Usijiumize." Kisha akawatazama watoto, ambao walikuwa wameanza tena kukimbizana uani baada ya miezi ya kukaa wakiegemea kuta. Felista naye akawatazama. Kuanzia hapo, jioni hakupakua ya kwake.

Alijifunza tabia za kihenge kama mtu anavyojifunza tabia za ng'ombe wa kukamua. Uji alioukataa ulitoa kidogo. Ugali kwa mlenda ulitoa zaidi. Kitu alichokitamani kilitoa kuliko alichokiacha bila kujali. Kwa hiyo siku alipougua malaria na chakula chote kikamchukiza, hakikuongezeka kitu. Jirani yao alipomwoza mwanawe, Felista alirudisha sahani ya pilau yenye mnofu bila kuigusa, na asubuhi mtama ulimfika magotini. Tangu hapo Mama Simeoni akawa anaulizia harusi.

Kwa upande wake, Melkizedeki alichukua kazi ya maji. Alikwenda kisimani na ndoo, katikati ya wanawake, na vijana wa kijiweni walipomcheka aliwaacha wacheke. Alitafuta kuni. Upepo wa baridi ulipovuma alimvisha mkewe koti lake na kumfunga vifungo mwenyewe, kwa sababu vidole vya Felista vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Alimpenda mkewe, hilo halikuwa na ubishi. Felista alikuwa akikaa juu ya kigoda nje ya jiko, anaota jua, amechoka uchovu usioondoka kwa kulala. Alisikia watoto wakicheza na akajiambia kwamba ndiyo maana. Wakati mwingine alijiambia mara mbili.

Habari zilimfikia Frank, mtendaji wa kijiji, kijana aliyekuwa na miaka michache tu kazini. Alikuja na bwana shamba kwa pikipiki moja.

"Shikamoo, mama," Frank alimwamkia Felista pale kigodani.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Walichungulia kihengeni kwa zamu. Bwana shamba alitumbukiza mkono, akatoa mtama, akaupuliza na kuung'ata.

"Umekauka vizuri," alisema. "Ila muutie dawa. Wadudu kama dumuzi hawaangalii mtama umetoka wapi."

Frank aligonga ubavu wa kihenge kwa kifundo cha kidole, akasikiliza kimejaa mpaka wapi.

"Basi kaya hii tunaihesabu ina chakula," alimwambia Melkizedeki.

"Na mimi?" Felista aliuliza.

Frank aligeuka, akamtazama kwa heshima.

"Wewe uko katika kaya hiyohiyo, mama."

Kwenye mkutano wa kijiji aliitaja nyumba ya Melkizedeki kuwa mfano wa kujiandaa na nyakati ngumu, na watu wakapiga makofi. Siku zilizofuata wanawake walikuja kwa Felista mmojammoja, wengine wametumwa na waume zao, wengine wamejituma. Waliuliza ni dawa gani aliyotia. Aliwaambia hakutia kitu, aliacha tu. Walikaa kidogo, wakamtazama mikono, wakaaga. Kwa baadhi yao ilikubali. Ilipofika mwezi wa kumi kulikuwa na vihenge vingi vilivyojaa pale kijijini, na nje ya nyumba hizo ulikuta mwanamke amekaa kwenye jua na koti la kiume. Lori la chakula cha msaada lilipita barabara kubwa bila kukata kona, likaenda kwenye vijiji vyenye shida.

Simeoni, kaka yake Melkizedeki, alikuja kutoka Singida Mjini. Alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki pale Utemini, na biashara ilikuwa imelala. Alikuja na viroba vitupu vimekunjwa vizuri chini ya kwapa.

"Shikamoo, shemeji," Felista alimwamkia.

"Marahaba. Hali?"

"Nipo."

"Umekonda, shemeji."

"Ndiyo."

"Pole sana. Jitahidi unywe maji." Akaangalia kihenge. "Huku mmebarikiwa. Kule mjini kila kitu ni cha kununua, hata mchicha. Wanangu wanakwenda shule na chai kavu."

Melkizedeki alimjazia viroba, kwa sababu ni kaka yake na tumbo ni moja. Ili pengo lile lizibike, Felista aliacha pia uji wa asubuhi. Hakuna aliyemwomba. Aliona tu mtama umeshuka, na Flora alikuwa na kikohozi.

Siku moja wiki hiyo Pendo alirudi kutoka shuleni, akaketi mbele ya sahani, akala matonge machache, akaisogezea kwa mdogo wake. Alisema ameshiba. Felista alikuwa anasinzia karibu na moto na hakulitilia maanani.

Asubuhi alipofungua kihenge, juu ya mtama mwekundu aliona kijirundo cha mtama mweupe, kama wa kujaza viganja viwili. Ulikuwa umekaa peke yake, punje zake ndogo bado, kama za suke lililovunwa mapema.

Felista alifungua kanga yake. Akaitandika, akauchota wote, akihakikisha hakuiacha hata punje moja mle ndani. Hakuupeleka mashineni. Aliutwanga mwenyewe kwenye kinu, akipumzika kila baada ya mapigo machache, akachekecha, akasonga kiugali cheupe katika kisufuria cha maziwa. Pendo aliporudi kutoka shule alimwita jikoni, akafunga mlango.

"Kula."

"Huu ni wa nini, mama?"

"Kula kwanza."

Pendo alikula. Felista alikaa mbele yake, uso kwa uso.

"Ulianza lini?"

"Jana tu."

"Usirudie."

"Lakini mama, nikikusaidia, na wewe utapata kula."

"Nimesema usirudie."

"Mbona wewe unaacha?"

Felista alichukua upawa. Akamwongezea mlenda.

Mlango ulisukumwa, Mama Simeoni akaingia na fimbo yake, akitafuta kibiriti. Macho yake yalitua kwenye kinu, ambacho kilikuwa na unga mweupe mdomoni. Mtama wa nyumba ile ulikuwa mwekundu, na unga wake huwa wa kahawia.

"Unga huo wa nani?"

"Wa mtoto, mama," Felista alisema.

Mama Simeoni alimtazama mjukuu wake. Alimtazama kwa muda mrefu, kutoka kichwani mpaka miguuni, kama anayempima nguo. Halafu akaegemeza fimbo ukutani, akachukua maji kwenye kata, akakisuuza kinu mwenyewe, na mchi pia, mpaka maji yakatoka safi. Yale maji ya unga alimpa Pendo ayanywe.

"Baba yake asiuone," alisema, akachukua kibiriti na kutoka.

Tangu siku hiyo Felista aliendelea kutokula, lakini alikuwa haondoki mbele ya sahani ya Pendo mpaka aone chini yake. Hilo nalo lilimchosha. Ilifika asubuhi moja hakuweza kuinua kifuniko cha kihenge, na Melkizedeki akasema labda aende kwao akapumzike.

"Pendo je?" Felista alimuuliza mama mkwe wake pembeni.

"Nitamkalia mimi. Nitamkalia mpaka alambe sahani."

Melkizedeki alimsindikiza hadi barabarani, akamtafutia kiti cha dirishani kwenye basi, akamwambia dereva amshushe polepole. Felista alishuka Kinampanda, kwa mama yake, Yasinta.

Yasinta alikuwa mjane aliyeishi peke yake. Nyuma ya nyumba alikuwa na kihenge kidogo kikuukuu, kitupu, buibui wamefuma mdomoni. Tangu azike mume, alikuwa anakula chake chote. Hakumuuliza bintiye kilichomkondesha. Alimletea maji ya kunawa, akachinja jogoo aliyekuwa amebaki, akapika ugali wa uwele, akakaa kando yake kwenye mkeka.

Mwanzoni kumeza kulimuuma Felista. Alikula taratibu, akalala mchana kweupe, akaamka, akala tena. Siku zikaenda hivyo. Miguu yake ilianza kupata joto kuanzia vidoleni. Alisikia harufu ya vitu, moshi, majani makavu, sabuni katika nguo za mama yake, akagundua kwamba kwa muda mrefu hakuwa anasikia harufu. Jioni moja alicheka kitu alichokisema mama yake kuhusu mchungaji wao mpya, na sauti ikamshtua kidogo.

Siku ya mnada, siku ambayo Melkizedeki huchaji simu, alipiga.

"Mama Pendo, habari za huko?"

"Nzuri. Watoto?"

"Hawajambo. Flora kikohozi kimepoa. Mama hajambo huko?"

"Hajambo, anakusalimu."

Felista alisikia kuku wa nyumbani kwake, na mtu akipasua kuni.

"Kihenge kimeshuka," Melkizedeki alisema.

"Kimeshuka kiasi gani?"

"Kimeshuka sana. Kila nikiamka kimeshuka. Unakula huko?"

"Nakula."

"Sawa. Kula. Mimi sikukatazi." Alikohoa. "Nilitaka kujua tu, maana nilidhani ni wezi."

"Si wezi."

"Basi afadhali. Nilikuwa nimenunua kufuli." Kuni zikapasuka tena kule. "Utarudi lini?"

Felista aliangalia sahani iliyokuwa mapajani mwake. Palikuwa na kipande cha ugali na bawa la kuku lililobaki tangu jana. Alijua sasa kwamba tonge alilomeza lilikuwa na mahali lilipotoka, na mahali hapo palikuwa na Fredrick na Flora.

"Jumamosi," alisema.

Yasinta alikuwa amesikia yote, kwa kuwa simu ile ilipaza sauti. Hakumwambia abaki. Mwanamke aliyeolewa hushikwa na nyumba yake, na yeye mwenyewe alishikwa vilevile.

"Malizia hilo bawa kwanza," alisema.

Felista alilimaliza, akatafuna na mifupa yake laini. Jumamosi akarudi.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa nzuri. Zilianza kwa wakati, zikapumzika palizi ilipotakiwa, zikarudi mtama ulipotaka kubeba. Mtama ulimpita Melkizedeki kimo. Walivuna, wakapura, wakaumimina mpya juu ya ule wa zamani mpaka haikujulikana upi ni wa shamba na upi ni wa Felista. Mwili wake ulirudi kidogo, ingawa si kama wa mwanzo. Alikuwa anakula jioni, sahani moja, na kihenge kilijaa kiasi kwamba haikuonekana kinaposhuka. Hakuna aliyekwenda kuchungulia. Au kama walichungulia, walichungulia yeye asipokuwepo.

Kisha Frank aliitisha mkutano. Alisema kwenye redio wametangaza mvua za mbele zitakuwa chache, na kwamba kijiji kimeshathibitisha kinaweza kujitegemea, jambo ambalo wakubwa wamelifurahia. Aliomba kila kaya ijenge kihenge cha pili. Akina mama, alisema, waanze mapema wangali na nguvu, wasisubiri mambo yaharibike. Watu wakapiga makofi, na Felista akajikuta mikono yake nayo inapiga.

Melkizedeki alikata fito, akachimba udongo wa kichuguu, akauchanganya na samadi. Alikuwa fundi mzuri na alifanya kazi akiimba chini chini. Alasiri moja ufumaji ulikuwa umempita mabega. Akarudi nyuma, akafuta jasho, akamwita mkewe.

"Unaonaje, Mama Pendo?"

Felista alikizunguka chote. Fito zilikuwa zimebana vizuri, hata kidole kisingepenya.

"Kinatosha," alisema.

Melkizedeki aliinamisha kichwa upande, akafikiri. "Nitaongeza kidogo juu. Huwezi jua."

Akachukua ufito mwingine na kuukunja. Felista alipandisha kanga magotini, akapiga goti, akaanza kukandika udongo kuanzia chini, pale ambapo kazi ya mumewe ilikuwa imekwisha. Udongo ulikuwa wa baridi na ulishika vizuri.

"Pendo," aliita kuelekea jikoni, bila kugeuka. "Umemaliza?"

"Bado tonge moja," Mama Simeoni alijibu kutoka ndani.

Felista akachota udongo mwingine.